Kifuniko Kimoja, Mtungi Mmoja

Mafuriko ya 2018 yalitunyang'anya vitu vingi. Shamba la mpunga la Bibi, kuku wote, magodoro mawili, na sanduku la picha za zamani ambalo mpaka leo Mama hapendi litajwe. Lakini kitu ambacho nusura kituletee msiba hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote aliyekuja kuandika hasara. Kilikuwa kifuniko cha plastiki, kidogo kuliko kidole gumba, cha chupa ya dawa ya maji.

Wacha nieleze vizuri.

Kwetu ni chini ya Garsen, kule mto Tana unakoanza kujitawanya kabla haujafika baharini. Maji yalipopanda tulihamia sehemu iliyoinuka kando ya barabara, tukakaa chini ya maturubai wiki kama sita hivi. Kila familia ilipewa chupa moja ya dawa ya maji. Maagizo yalikuwa rahisi: kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, tikisa, subiri nusu saa, kunywa. Siku ya nne, binamu yangu mdogo, miaka minne wakati huo, akaona kile kifuniko kinafaa kuwa gurudumu la gari lake la kibati. Gari likaondoka nacho. Hatukukiona tena.

Mama akaanza kupima kwa macho. Alikuwa na wasiwasi wa kuzidisha, kwa hivyo akawa anatia tone tone, na maji hayakunuka dawa hata kidogo. Wiki iliyofuata wakaja watu wengine na chupa nyingine, ya mtengenezaji mwingine, na kifuniko chake kikubwa. Mama alifurahi kweli. Kifuniko kimepatikana! Akakitumia kupimia dawa ya chupa ya kwanza. Siku hiyo maji yalinuka kama shuka zilizotoka kuloweka. Bibi akaonja, akatema, akasema, "Haya si maji ya kunywa, mwanangu. Haya ni ya kufulia." Wazee wakamuunga mkono. Kufikia jioni nusu ya watu wa turubai letu walikuwa wamerudia maji ya mto vivi hivi.

Siku tatu baadaye binamu yangu alianza kuharisha. Tulimvusha kwa mtumbwi, kisha boda, hadi Garsen. Alilazwa. Alipona, na sasa anacheza winga na ana mdomo mrefu kuliko umri wake. Lakini usiku ule kwenye mtumbwi, nikimshika kichwa huku Mama akimwita jina lake kila dakika, kuna swali lilinishika na halijaniachia tangu hapo. Nani aliamua kwamba maisha ya mtoto yapimwe kwa kifuniko?

*

Kujibu swali hilo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu pwani hii na kipindupindu wanajuana siku nyingi.

Mwaka wa 1876 kilichapishwa London kitabu cha daktari mmoja, James Christie, aliyekuwa amemtibu Sultani wa Zanzibar. Kilihusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Christie alifuata ugonjwa kama askari wa upelelezi: umeingia kwa chombo gani, umefuata msafara upi, umetokea mji gani wiki gani. Mlipuko wa 1869 na 1870, ule uliopiga Zanzibar vibaya sana, aliufuatilia hadi njia za bara, kupitia nchi ya Wamaasai na kushuka Pangani. Yaani ugonjwa ulitembea kwa miguu ya biashara. Mdudu mwenyewe alikuwa bado hajakubalika na wataalamu. Ni mpaka 1884 ndipo Robert Koch alipotangaza kutoka India kwamba amemtambua.

Baada ya hapo ikabaki kumuua. Mwaka wa 1905, mji wa Lincoln kule Uingereza ulikuwa na mlipuko wa homa ya matumbo, na Alexander Houston akaanza kutia klorini kwenye maji ya mji mzima. Mwaka wa 1908, John Leal akafanya hivyo hivyo kwa maji ya Jersey City, Marekani. Watu waliogopa. Kutia sumu kwenye maji ya kunywa? Kesi ilifika mahakamani. Hoja ya Leal ilikuwa ya kipimo: kiasi chenyewe ni kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa milioni, kinaua mdudu na hakimdhuru mnywaji.

Sasa angalia hapa, maana ndipo mambo yanapoanzia. Kule Jersey City, aliyepima ni mtambo. Kulikuwa na matangi, na tundu dogo lililodondosha dawa kwa kiwango kilekile saa zote, na mtu wa kulipwa wa kulichunga. Mama wa Jersey City hakuhitaji kujua lolote. Alifungua mfereji, akajaza birika. Kipimo kilikuwa kimeshafanyika maili nyingi kutoka jikoni kwake.

Sisi mtambo huo haukutufikia. Kipindupindu ndicho kilichotufikia. Wimbi la saba la dunia lilianza Indonesia 1961, likaingia Afrika 1970, na Kenya 1971. El Niño ya 1997 na 1998 ilipofurika na barabara za huku kukatika, kipindupindu kilisambaa karibu nchi nzima. Bibi huhesabu miaka kwa mafuriko, na ile anaiita tu "yale maji ya miezi mingi".

*

Chupa yenyewe ina historia ya karibu zaidi. Januari 1991 kipindupindu kilitokea Peru na kuenea Amerika ya Kusini, bara ambalo halikuwa limekiona kwa karibu miaka mia. Kujenga mitambo ya maji kila mahali kungechukua miaka mingi. Kwa hivyo wataalamu wa CDC ya Marekani na shirika la afya la nchi za Amerika wakaja na wazo lingine: kama mtambo hauwezi kufika nyumbani, basi nyumba iwe mtambo. Vitu vitatu tu. Dawa ya klorini isiyo kali, inayoweza kutengenezwa nchini humo humo. Chombo chenye mdomo mwembamba ili mkono wa mtu usiingie. Na mafunzo.

Wazo likafika Kenya. Homa Bay, shirika la CARE pamoja na CDC walikuta watu wanapenda maji ya chungu kwa sababu yanapoa, kwa hivyo badala ya kupigana na chungu, wafinyanzi wa huko wakakifinyanga upya: mdomo mwembamba, kifuniko, na bomba dogo chini. Mimi napenda sana hadithi hiyo ya chungu. Kisha 2003 shirika la PSI likaingiza sokoni WaterGuard, dawa ya maji ya dukani, kwa bei iliyoshushwa makusudi ili mtu wa kawaida aimudu. Na kifuniko cha chupa ndicho kikawa kipimo.

Ukweli usemwe, ni ubunifu wa hali ya juu. Kifuniko kipo tu, lazima kiwepo, la sivyo dawa itamwagika. Kukifanya kipimo hakuongezi hata senti moja. Hesabu yake iko hivi. Dawa yenye nguvu ya asilimia 1.25 ina miligramu 12.5 za klorini kwa kila mililita. Kifuniko cha mililita 3 kinabeba miligramu 37.5. Tia kwenye lita 20, kila lita inapata karibu miligramu 1.9. Wataalamu wanataka baada ya nusu saa isizidi miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 iwe imebaki angalau 0.2. Umeona jinsi njia ilivyo nyembamba? Juu ya hapo watu wanakataa ladha. Chini ya hapo mdudu anarudi.

Mama yangu alikanyaga pande zote mbili za njia hiyo ndani ya wiki mbili. Miaka kadhaa baadaye nilichukua vifuniko vya chupa mbalimbali nyumbani nikavipima kwa sindano ya duka la dawa. Kimoja mililita tatu. Kingine tano. Cha chupa ya maji ya kununua, sita na ushee. Kwa dawa ileile, mililita 6 ni karibu miligramu 3.75 kwa lita, mara mbili ya kipimo. Bibi hakuwa mkaidi. Ulimi wake ulisoma sawasawa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekiandika kwenye chupa kwa lugha anayoisoma.

*

Mbona lita 20? Hili nalo lina kisa.

Zamani maji na mafuta ya taa vilibebwa kwa debe. Debe lilikuwa bati la galoni nne, kama lita 18, na mpaka leo ukienda sokoni Garsen mahindi yanauzwa kwa debe. Jeshi la Uingereza nalo lilibebea petroli kwenye mabati ya galoni nne, na yalikuwa yakivuja hovyo. Mwaka wa 1937 Mjerumani mmoja, Vinzenz Grünvogel, alichora chombo bora cha jeshi la kwao: lita 20, chuma kilichokandamizwa, vishikio vitatu juu ili mtu mmoja abebe mitungi miwili mitupu kwa mkono mmoja, au watu wawili wabebe mmoja uliojaa. Waingereza waliiteka mitungi hiyo vitani Afrika Kaskazini, wakaipenda, wakaiiga, na wakaipa jina lao la utani la Wajerumani. Hivyo ndivyo tulivyopata jerikeni. Baadaye ikaja ya plastiki, tukaipata dukani ikiwa na mafuta ya kupikia, mafuta yakiisha inakuwa mtungi wa maji.

Kwa hivyo kile kifuniko cha Bibi kinaegemea mchoro wa mhandisi wa Kijerumani. Ingekuwa dawa ilibuniwa enzi za debe, kifuniko kingekuwa kidogo zaidi. Hakuna kipimo kinachosimama peke yake. Kibaba kinategemea pishi, vinne kwa moja. Kifuniko kinategemea mtungi. Na mtungi unategemea kilichomo ndani yake.

Hapo kwenye kilichomo ndani ndipo Tana inapovuruga hesabu. Mto huu unatoka milimani huko juu, karibu kilomita elfu moja, na unafika kwetu na rangi ya chai ya maziwa. Klorini haichagui. Ikikutana na matope na majani yaliyooza inapigana nayo kwanza, na inaweza kuisha kabla haijamfikia mdudu. Ndiyo maana maagizo yanasema maji yakiwa na uchafu tia vifuniko viwili. Lakini uchafu kiasi gani? Maji ya Februari si maji ya Mei. Kina mama wa kwetu wana elimu yao: wanaacha maji yatuame usiku kucha, wengine wanatia kipande cha shabu na kukoroga mpaka tope lishuke, kisha wanachuja kwa leso. Ukifanya hivyo kwanza, kifuniko kinafanya kazi yake. Usipofanya, hata vitatu ni kubahatisha.

Kuna waliojaribu kufunga elimu hiyo yote ndani ya pakiti. Kampuni ya Procter & Gamble pamoja na CDC walitengeneza unga wa pakiti moja kwa lita 10: una kitu cha kushusha tope na klorini pamoja. Unakoroga dakika tano, unaacha litulie, unachuja kwa kitambaa, unasubiri dakika 20. Ulijaribiwa magharibi mwa Kenya kwenye maji machafu na ukapunguza kuhara. Hapo mtu hapimi dawa kabisa, anararua tu. Lakini anahitaji ndoo mbili, kitambaa safi, na mahali pa kuweka ndoo. Chini ya turubai, watu 11, ndoo moja. Wewe jaza mwenyewe.

*

Nilifika chuo kikuu 2019, uhandisi wa mitambo. Mwaka wa pili karo ilikata na mimi nikakatika nayo. Lakini kabla ya hapo tulipewa kazi ya darasa: buni kifaa cha kutatua shida ya kwenu. Wenzangu walichora mashine za kupukuchua mahindi. Mimi nilichora chupa.

Wazo sikulitoa hewani. Nililitoa kwa dawa ya kupe. Ukienda duka la dawa za mifugo pale Garsen utakuta chupa za plastiki zenye vyumba viwili. Chumba kikubwa chini kina dawa. Juu, karibu na mdomo, kuna chumba kidogo chenye mistari ya mililita, na bomba jembamba linapanda kutoka chini hadi humo. Unaminya chupa, dawa inapanda, inajaza kile chumba. Unaachia, ile iliyozidi inanyonywa kurudi chini kupitia bomba, na juu inabaki kiasi kamili. Unamimina. Huwezi kuzidisha hata ukitaka. Mfugaji akitia mililita 40 kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20, ni 40 kweli.

Nilikaa nikafikiria hilo muda mrefu. Ng'ombe alikuwa amepata chupa inayojipimia. Binamu yangu alikuwa amepata kifuniko.

Nikachora yangu, chumba cha juu cha mililita 3 tu, kisichotoka, hakuna kitu cha kupotea wala cha kufanywa gurudumu. Nilijifunza mengi kwa kuichora. Pampu ya kubonyeza kama ya sabuni haifai, kwa sababu nyingi zina springi ya chuma na klorini inakula chuma. Chupa lazima iwe na rangi ya kuzuia mwanga, maana jua na joto vinaimaliza dawa nguvu, na joto la Garsen unalijua. Lakini ukizuia mwanga, mtu ataonaje mstari? Basi chupa iwe ya rangi, chumba cha juu kiwe angavu. Na kwa maji ya tope? Minya mara mbili. Nilijiona nimefika.

Mhadhiri aliangalia mchoro kwa utulivu, akaniuliza swali moja. "Hiki chumba cha juu, nani atakilipia?"

Sikuwa na jibu. Dawa ya kupe inauzwa ghali na inalinda mali ya thamani, kwa hivyo bei ya chupa inafichika humo ndani. Dawa ya maji inauzwa kwa vishilingi ili maskini anunue. Ongeza chumba na bomba, pengine chupa inakuwa ghali kuliko dawa. Na hata kwa bei ile ya chini, watu wengi hawanunui. Hilo lilishapimwa. Huko Busia, Michael Kremer na wenzake, yule aliyekuja kushinda Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walikuta kwamba dawa ikiwa ya kununua dukani, chini ya asilimia 10 ya nyumba ndizo zilizoitumia. Watu waliijua. Walisema ni nzuri. Hawakuinunua.

Jibu lao lilikuwa kuitoa chupa nyumbani kabisa. Wakaweka tangi dogo la dawa juu ya nguzo, palepale kisimani, lenye valvu. Unaweka mtungi chini, unazungusha, zinatoka mililita 3, bure. Kutikisika njiani kuelekea nyumbani ndiko kukoroga. Jirani mmoja amechaguliwa kulijaza. Matumizi yalipanda kupita nusu ya nyumba. Tazama walivyorudia wazo la Jersey City, mtambo upime badala ya mama, ila mtambo wenyewe umekuwa mdogo wa kutosha kusimama chini ya mwembe.

Ni kazi nzuri, sina neno. Lakini Busia watu wanachota kwenye chemchemi na visima, mahali pamoja, kila siku. Sisi tunachota mtoni, popote ambapo ukingo unashuka vizuri na mamba hajaonekana wiki hiyo. Na maji yakipanda nguzo inaondoka nayo. Delta haina "palepale". Hapa kipimo lazima kisafiri na mtu.

*

Kuna kisa kingine kilichonisaidia kuacha kuona aibu juu ya mchoro wangu. Bangladesh, kuanzia 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha dawa ya kuhara ya maji, chumvi na sukari guru. Hakukuwa na pakiti za kutosha wala vijiko vinavyofanana. Kwa hivyo walipima kwa mkono: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, sukari guru konzi moja. Hiyo kila mtu anayo, haipotei. Shida ilibaki kwenye maji, kwa sababu kila nyumba ina chombo chake. Basi mfundishaji alipima maji mara moja, akayamimina kwenye chombo cha nyumba hiyo, akaweka alama yalipofika. Ndani ya miaka kumi walikuwa wamefikia nyumba zaidi ya milioni 12.

Hawakuleta chupa mpya. Walikaa na mama mmoja mmoja mpaka chombo chake mwenyewe kikawa kipimo. Nikakumbuka muuguzi wa Garsen, usiku ule wa 2018. Alimpa Mama pakiti ya dawa ya kuhara, akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyokuwa mezani, akamwonyesha: "Ijaze mpaka hapa, mama. Pakiti moja, chupa hii moja. Usibadilishe chupa." Akarudia mara tatu. Kisha akamwambia Mama naye arudie. Hiyo ilichukua kama dakika mbili, na ndizo dakika mbili ambazo hakuna mtu aliyetupa kule kwenye maturubai.

Sisemi waliotuletea dawa walikosea kuja. Bila wao hali ingekuwa mbaya zaidi. Ninachosema ni kwamba kipimo si plastiki. Methali inasema haba na haba hujaza kibaba, na sote tunaisoma kwa upande wa haba, subira, akiba na kadhalika. Lakini methali haifanyi kazi kama hamjakubaliana kwanza kibaba ni kipi. Mkulima na mwenye duka walikuwa wanakijua kibaba kilekile. Aliyetengeneza kile kifuniko alikijua. Mama yangu hakuambiwa kwamba kifuniko cha chupa hii si ndugu wa kifuniko cha chupa ile.

*

Mwaka wa 2024, Aprili na Mei, mto ulipanda tena. Mwezi wa Mei wagonjwa wa kipindupindu wakaripotiwa katika kaunti yetu ya Tana River. Nilikuwa Nairobi naandika vijimakala vya kulipia kodi. Nilipanda basi mara tu njia ilipopitika, nikawakuta wamehamia sehemu ileile ya juu kando ya barabara, karibu turubai lilelile.

Nilikuwa nimebeba sindano tano za mililita 5 kutoka duka la dawa, bila ncha, na nimezipiga mstari wa rangi ya kucha kwenye tatu. Nilikuwa na hotuba pia, nimeiandaa ndani ya basi: asilimia, miligramu, vifuniko visivyo ndugu.

Bibi alinisikiliza nusu ya hotuba, akanyoosha mkono nyuma ya ndoo, akatoa chupa ya dawa. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa pembeni kabisa, juu ya mstari wa kupimia, na kupitishwa uzi wa nyavu ambao ulikuwa umefungwa shingoni mwa chupa kwa fundo la wavuvi, lile ambalo halifunguki likilowa. Kwenye ubavu wa mtungi alikuwa amechora kwa kisu mahali maji yanapofika lita 20, kwa sababu, aliniambia, hakuna anayejaza mtungi mpaka mdomoni akiwa anavuka matope.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu mtoto alipougua," akasema. "Wewe ulidhani nilikaa tu?"

Sindano alizichukua zote tano. Moja akabaki nayo, nne akagawa kwa majirani, na kila aliyepewa alikaa naye chini kwanza, akamwonyesha mstari, kisha akamwambia arudie.